Kamera ni Shahidi, na Shahidi ana Amana

Usiku wa tarehe 11 Septemba 1974, mzee wa miaka 82 alikuwa ndani ya jumba lake mjini Addis Ababa, mbele yake televisheni imewashwa. Inasimuliwa kwamba wanajeshi walimtaka asiikose programu ya usiku huo. Mzee mwenyewe alikuwa Haile Selassie, Mfalme wa Wafalme wa Uhabeshi, aliyekalia kiti cha enzi tangu mwaka 1930.

Programu ilikuwa filamu ya njaa iliyokuwa imewamaliza watu katika jimbo la Wollo, kaskazini mwa nchi. Walionekana watoto ambao mbavu zao zahesabika, na wazee waliolala chini bila nguvu hata ya kufukuza nzi. Lakini katikati ya picha hizo zilikuwa zimepachikwa nyingine: karamu za jumbani, vyakula vya kila namna mezani, na mfalme mwenyewe akiwalisha mbwa wake nyama. Kulipokucha, wanajeshi walimsomea tamko la kumwondoa katika ufalme, wakamtia katika kijigari cha Volkswagen, wakaenda naye.

Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyompindua. Wanajeshi walikuwa na bunduki, na mji ulikuwa umechafuka kwa migomo na maandamano tangu mwanzo wa mwaka ule. Lakini hata wao waliona bunduki peke yake haitoshi. Walitaka na shahidi, na shahidi wao akawa filamu.

Leo, msomaji, nataka tuzungumze juu ya filamu za namna hiyo. Si zile za hadithi za kubuni zenye mapenzi na ngumi, bali zile zinazoonyesha maisha ya watu yalivyo: njaa, maradhi, dhuluma, ukame, bahari iliyochafuliwa na ardhi iliyonyang'anywa. Wataalamu huziita filamu za maisha halisi, na katika televisheni zetu huitwa makala maalumu. Siku hizi vijana wetu wengi wa Pwani wanajiingiza katika kazi hii, maana kamera imekuwa ndani ya simu ya mkononi na kila mwenye simu anajiona mpiga filamu. Jambo jema. Lakini kazi hii ina uzito wake, na yafaa tujue walioitangulia waliifanyaje, wakapatia wapi na wakapungukiwa wapi.

SITARA NA USHAHIDI

Sisi watu wa Pwani tumelelewa katika sitara. Nyumba ikifikwa na shida, mlango hurudishwa. Maiti huoshwa nyuma ya pazia, na muosha hatakiwi kwenda barazani kusimulia alichokiona. Jirani akilala na njaa, sahani anayopelekewa hufunikwa kawa, ili hata mpita njia asijue nani kampa nani. Kwa hiyo mgeni anapokuja na kamera akaielekeza usoni kwa mama anayemlilia mwanawe, jambo la kwanza linalotujia ni kuona haya, na haya hiyo ni ya haki.

Lakini dini hiyo hiyo iliyotufundisha sitara imetufundisha pia kwamba ushahidi haufichwi. Aliyeona dhuluma akanyamaza, hali anao uwezo wa kusema, naye ana fungu lake katika dhuluma ile.

Basi mpiga filamu wa maisha halisi yuko kati ya amri mbili. Akionyesha kila kitu, amevunja sitara ya mnyonge. Akifunika kila kitu, atakuwa amemsitiri dhalimu badala ya kumsitiri maskini. Hakuna kamera inayoweza kumwamulia jambo hili. Ni lazima aamue mwenyewe, na aghalabu huamua papo hapo, amesimama juani, mtu anakata roho mbele yake.

WOLLO, MARA MBILI

Turudi Uhabeshi, nchi ya Najashi aliyewapokea Waislamu wa mwanzo walipokimbia mateso ya Makka. Njaa ya Wollo ilianza baada ya mvua kukosekana mwanzoni mwa miaka ya 1970, na serikali ya mfalme ikaona aibu kuitangaza. Watu walikufa kimya kimya kandokando ya barabara. Mwezi wa Oktoba 1973, mwandishi wa habari wa Kiingereza, Jonathan Dimbleby, pamoja na wenzake wa kampuni ya Thames Television, walionyesha Uingereza filamu waliyoipa jina lenye maana ya njaa isiyojulikana. Waingereza walishtuka, wakachanga. Kimya kikavunjika.

Mwaka uliofuata filamu hiyo hiyo ilikatwakatwa na kuungwa upya na wanajeshi, ikawa ile aliyoitazama mfalme usiku wake wa mwisho jumbani.

Hapa msomaji na apatulize kidogo. Picha za Dimbleby zilikuwa za kweli. Picha za karamu nazo zilikuwa za kweli. Lakini zilipowekwa pamoja, hii baada ya ile, zilizaa neno la tatu ambalo halikuwamo katika picha yoyote ikiwa peke yake, nalo ni kwamba mtu huyu anawalisha mbwa huku nyinyi mnakufa. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii. Wengi hudhani filamu hutengenezwa kwa kamera. Kamera huokota tu, kama mtu anayeokota simbi pwani. Filamu hutengenezwa mezani, pale saa nyingi za picha zinapokatwa na kuungwa mpaka zikabaki dakika chache. Anayeshika mkasi ndiye anayesema.

Na mkasi hauna mwenyewe. Miaka 10 ikapita. Mwezi wa Septemba 1984, wanajeshi wale wale, sasa chini ya Mengistu Haile Mariam, walisherehekea mwongo mmoja wa mapinduzi yao. Addis Ababa ilipambwa kwa mabango na bendera, chama kipya kikazinduliwa, wageni wakaalikwa. Wakati huo huo watu wa Wollo, wa Tigray na wa Eritrea walikuwa wakifa kwa njaa kwa maelfu, na waandishi wa habari walizuiwa kwenda kuwaona. Waliokuwa wameutumia ushahidi wa njaa kumwangusha mfalme, sasa wao ndio wanaouficha. Ama kweli, nyani haoni kundule.

KIJANA WA NAIROBI NA ALFAJIRI YA KOREM

Aliyekuja kulivunja kimya hicho cha pili alikuwa mwenzetu wa Afrika Mashariki, marehemu Mohamed Amin, Mungu amrehemu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943 katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Bara Hindi, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikofungua kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963, hajatimiza bado miaka 21.

Kazi ilimpitisha penye moto. Alipiga picha za Zanzibar katika siku za Mapinduzi ya 1964, na baadaye katika miaka hiyo hiyo akafungwa jela huko Zanzibar kwa karibu mwezi mmoja. Alihamia Nairobi. Picha zake za siku aliyouawa Tom Mboya, Julai 1969, zilimpatia tuzo Uingereza. Wengine watamkumbuka kwa jambo la utulivu zaidi, nalo ni kitabu chake cha picha za Hija kilichotoka mwaka 1978, ambacho kiliwaonyesha walio mbali Makka na Madina zilivyo, tawafu na Arafa, wakati ambapo wengi wa wazee wetu walikuwa wakizijua kwa masimulizi ya mahujaji tu.

Mwezi wa Oktoba 1984, baada ya kuhangaikia ruhusa kwa maofisa wa Uhabeshi aliokuwa akijuana nao, Amin alifika Mekele na Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC. Korem ni mji mdogo wa milimani, baridi yake kali. Nje ya mji palikuwa na maelfu ya watu waliotembea kwa miguu siku nyingi wakitafuta chakula, wamejilaza uwanjani bila paa. Kulipopambazuka, ukungu ukiwa bado haujaondoka, kamera ya Amin iliwapitia polepole wale waliokuwa wakiamka na wale ambao hawakuamka. Mtazamaji alisikia kikohozi, vilio vya watoto, na sauti ya Buerk isiyopanda wala kushuka.

Katika kambi ya Mekele alikuwako muuguzi kijana wa Msalaba Mwekundu, Claire Bertschinger, ambaye kila siku ilimbidi apite mbele ya safu za watoto akichagua wachache wa kulishwa, maana chakula hakikuwatosha wote. Waliobaki walijua maana ya kutochaguliwa. Hakuna mtungaji wa hadithi ambaye angethubutu kubuni jambo kama hilo.

Ripoti ilionyeshwa London tarehe 23 Oktoba 1984. Haikuzidi dakika 10. Kwa kuwa Amin alikuwa akilifanyia kazi shirika la habari za picha la Visnews, iliuzwa na kugawiwa duniani kote, na hesabu inayotajwa ni vituo 425 vya televisheni. Michango ikamiminika. Waimbaji wa Uingereza wakatoa wimbo wa Krismasi kuchangisha fedha, na tarehe 13 Julai 1985 yakafanyika matamasha makubwa London na Philadelphia yaliyotazamwa na mamilioni. Chakula kilipelekwa kwa meli na ndege. Hapana shaka kuna watu wazima leo katika milima ile, wenye watoto na wajukuu, wanaopumua kwa sababu kamera ilifika.

ALICHOONYESHA NA ASICHOKIONYESHA

Je, Amin alivunja sitara? Alionyesha maiti. Alionyesha mama na kitoto chake kilichokata roho. Watu hao hawakuwa na nguvu ya kukubali wala kukataa. Nami nikilipima jambo hili naona hivi: silaha iliyokuwa ikiwaua watu wa Korem pamoja na njaa ilikuwa ni kimya. Waliokuwa wakifunikwa na kimya kile hawakuwa wao, bali waliowaficha. Kuliondoa pazia lile kulikuwa ni wajibu, na Amin alilipa gharama yake kwa kubeba picha zile kichwani mwake maisha yake yote.

Lakini haki ni kusema na upande wa pili. Filamu ile ilionyesha njaa kama vile imeshuka kutoka mbinguni. Mvua ilikosekana, ni kweli. Bali Uhabeshi ilikuwa vitani. Jeshi la serikali lilikuwa likipigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na masoko, mashamba na njia za chakula vilipigwa kwa makusudi ili kuwakomoa wananchi waliodhaniwa kuwaunga mkono waasi. Misaada ilipofika, serikali iliitumia kuwahamisha takriban watu 600,000 kutoka kaskazini kuwapeleka kusini na magharibi, wengi wao kwa nguvu, na wengi wakafia njiani au huko walikopelekwa. Chama cha madaktari wa Ufaransa, Médecins Sans Frontières, kilipolipinga jambo hilo hadharani kilifukuzwa nchini mwishoni mwa 1985.

Yote hayo hayakuonekana katika dakika zile chache. Wala si kwa hila. Ni kwamba kamera ni kipofu wa upande mmoja. Ardhi iliyopasuka kwa ukame huonekana vizuri sana katika picha, hata hupendeza. Amri iliyotiwa sahihi ofisini haionekani. Kwa hiyo mtazamaji wa Ulaya alilala akiamini kwamba adui ni jua, na kwamba dawa ni gunia la ngano.

Hata ule wimbo wa Krismasi ulikuwa ni tunda la upungufu huo. Uliuliza kama Waafrika wale wanajua kwamba ni Krismasi. Laiti watungaji wangeuliza kwanza wanaimba juu ya nani! Wollo ina Waislamu wengi mno, na wasiokuwa Waislamu ni Wakristo wa kanisa lililosimama Uhabeshi tangu karne ya 4, kabla Waingereza wenyewe hawajaupokea Ukristo wakaushika. Picha zilifika, lakini majina, dini na maneno ya watu wale yalibaki Korem. Walionekana na dunia nzima, hawakusikiwa na mtu.

Amin hakuwa mtu wa kukata tamaa. Mwezi wa Juni 1991, wiki chache baada ya Mengistu kukimbia, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake wa kunasa sauti, John Mathai, aliuawa pale pale, na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Alitiwa mkono wa bandia akarudi kazini.

Mwisho wake ulikuwa katika bahari yetu hii. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kurudi Nairobi. Ndege ilitekwa na vijana watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani alipowaambia mafuta hayatoshi hawakusadiki. Mafuta yakaisha, na ndege ikaanguka majini karibu na ufuo wa kaskazini wa Ngazija. Watu 175 walikuwamo, na 125 walikufa, Mohamed Amin akiwa mmoja wao. Walionusurika walisimulia kwamba alikuwa amesimama, akijaribu kuwasemesha watekaji. Na mtalii mmoja aliyekuwa ufuoni na kamera yake ndogo aliinasa ndege ile ikigusa maji na kuvunjika. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Mtu aliyeishi kwa kushuhudia vifo vya watu alishuhudiwa naye. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

SANGARA WA MWANZA

Upungufu nilioutaja haukuisha na Uhabeshi. Miaka 20 baada ya Korem ulitokea hapa jirani, katika Ziwa Viktoria, nao ukaleta hasira.

Katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, samaki aina ya sangara aliingizwa katika ziwa hilo. Sangara ni mlafi. Alizila aina nyingi za furu mpaka nyingine zikatoweka kabisa. Lakini minofu yake ni mizuri, na viwanda vikajengwa Mwanza, Kisumu na Uganda kuisafirisha Ulaya. Wenyeji wa pale wakaachiwa vichwa na mifupa. Mwanza huita mapanki. Kisumu wana jina la uchungu zaidi, mgongo wazi.

Mwaka 2004, mtengeneza filamu kutoka Austria, Hubert Sauper, alitoa filamu juu ya jambo hilo aliyoiita Jinamizi la Darwin. Alionyesha ndege kubwa zikitua kuchukua minofu, marubani wageni na wasichana wa mjini, watoto wa mitaani wakivuta gundi, na mapanki yakianikwa huku mabuu yakitambaa. Akauliza pia ndege zile huja na nini, akiashiria silaha za vita vya nchi za jirani. Filamu ilipata tuzo kubwa Ulaya, ikapendekezwa hata kwa Oscar.

Mwanza hawakufurahi. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na watu wakaandamana mjini. Ufaransa nako mabishano juu ya ukweli wake yalifika mpaka mahakamani. Waliokasirika walisema: mbona hakuonyesha maelfu wanaopata riziki viwandani na majini? Mbona mji wetu wote umekuwa danguro na jaa? Na waliomtetea wakasema: mapanki hayapo? Watoto wa mitaani hawapo? Ziwa halikuharibika?

Mimi naona pande zote zilikuwa na hoja. Sauper alilichimbua jambo ambalo takwimu za biashara zilikuwa zimelifunika, yaani kwamba ziwa linaweza kulisha Ulaya na mwenye ziwa akala mifupa. Huo ni ushahidi mkubwa, na mwenye kuukasirikia angeanza kwa kuyakasirikia mapanki yenyewe. Lakini mtu wa Mwanza naye ana haki ya kuuliza kwa nini sura yake ipelekwe Paris na Vienna kabla yeye mwenyewe hajaulizwa aionaje. Mwenye nyumba akikuonyesha chumba kinachovuja, si adabu kwenda kutangaza kwamba hana nyumba.

KAMERA MKONONI MWA MWENYEWE

Ndipo katika miaka ya karibuni wengine wakaanza kuifanya kazi hii kwa njia nyingine, na mifano miwili mizuri imetoka Kenya.

Wa kwanza ni wa Mutomo, Kitui. Huko mkulima mmoja, Kisilu Musya, alikutana na mtengeneza filamu kutoka Norway, Julia Dahr, naye akapewa kamera ayapige maisha yake mwenyewe. Kwa miaka kadhaa Kisilu alipiga picha za shamba lake, mkewe na watoto wake, ukame ulipokausha mimea na dhoruba ilipoiezua nyumba. Alipiga usiku, akiizungumza kamera kama mtu anayemzungumza rafiki. Filamu yao ilitoka mwaka 2017, nayo inamfuata mkulima huyu mpaka kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya hali ya hewa mjini Paris, Desemba 2015, alikokwenda na matumaini akaona jinsi wakubwa wanavyosikiliza bila kusikia. Linganisha hayo na Korem. Ukame ni ule ule. Lakini hapa aliyepigwa na ukame ana jina, ana mke anayemlaumu kwa kuiacha nyumba akashughulikia mambo ya kijiji, ana mizaha yake na hasira zake. Huwezi kumtazama ukadhani ni tangazo la kuombea misaada.

Wa pili ni wa kwetu kabisa. Mwaka 2019 Maia Lekow na mumewe Christopher King walimaliza filamu ya Barua, maarufu kwa jina lake la Kiingereza, The Letter. Ni habari ya kijana wa Mombasa anayerudi kijijini Kilifi baada ya kusikia kwamba nyanyake anaitwa mchawi. Sote twajua maana ya neno hilo huko. Wazee wenye mvi wameuawa Kilifi na Kwale kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya uchawi pana shamba. Watengenezaji hawakuingia na kutoka siku moja. Walikaa na familia hiyo miaka, wakala nao, wakawasikiliza hata wale wanaomshutumu bibi, ambao si majambazi kutoka mbali bali ni damu yake. Katika filamu watu wanasema Kigiriama na Kiswahili, lugha za nyumbani mwao, na mtazamaji wa ng'ambo ndiye anayesoma tafsiri chini. Kenya iliichagua filamu hiyo kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar ya mwaka 2021.

Huyo bibi angeweza kufunikwa, watu wakasema mambo ya ukoo yaachwe ukooni. Lakini sitara ya namna hiyo ingekuwa sanda. Na tena angeweza kuanikwa, mgeni akaja na kutoa picha ya kutisha juu ya washirikina wa Afrika. Watu wawili hawa walipita katikati, na kilichowapitisha ni muda.

MASWALI MATATU

Nikiyakusanya hayo yote, nawaachia vijana wetu wenye kamera maswali matatu, nao wajiulize kabla ya kubonyeza kidude.

La kwanza ni ruhusa. Si sahihi kwenye karatasi tu, maana maskini hutia sahihi chochote. Je, mtu huyu anajua picha yake itakwenda wapi, itatazamwa na nani, na jirani yake atamwambia nini kesho? Akisema uso wake usionekane, pana njia: mpige mikono yake, mpige mlango wake, nasa sauti yake. Mikono ya mkama ng'ombe au ya msuka makuti husema mengi.

La pili ni ukweli mzima. Ukikuta maji ya kisima yamekuwa chumvi, usipige kisima peke yake. Uliza nani alichimba mchanga wa pwani, nani alitoa kibali, mwaka gani. Tafuta hati, tafuta wazee wanaokumbuka. Kwa kila saa unayoshika kamera, shika daftari saa mbili. Na ukifika mezani kukata, kumbuka usiku ule wa Addis Ababa: picha mbili za kweli zaweza kuungwa zikasema jambo ambalo hujalithibitisha.

La tatu ni kurudi. Filamu ikikamilika, na ionyeshwe kwanza kwa wenyewe, uwanjani kwao, shuka ikitundikwa ukutani kama hapana pengine. Wakicheka, wakilia, wakikugombeza, hiyo ndiyo mahakama yako. Mpiga filamu asiyethubutu kurudi pale alipopiga, huyo ana deni.

Nasema haya kwa kuwa mada hazitukosi. Lamu pekee ina za kutosha. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi walioharibiwa maji yao na ujenzi wa bandari walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Mwaka 2019 baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe huko. Nyuma ya hukumu hizo pana manahodha wanaojua kila mwamba kwa jina lake, kina mama wanaojua mikoko ilikuwa imefika wapi walipokuwa wasichana, na vijana waliotembea nyumba kwa nyumba wakieleza madhara. Hukumu zimeandikwa kwa Kiingereza katika majalada. Sauti za watu hao zinazeeka nao, na mzee mmoja akifa huenda na ramani ya bahari nzima.

Wageni watakuja wapige, kama walivyokuja Wollo na Mwanza, na wengine watapiga vizuri. Lakini mgeni hajui kwamba jirani hupelekewa sahani imefunikwa kawa. Mwenyeji anajua. Anajua lini kawa ifunuliwe ili watu waone kwamba sahani ni tupu, na lini ifunikwe. Ujuzi huo haumo katika kamera ya bei yoyote.

Wabillahi tawfiki.